Nipe Mji wa Midoli

Usingizi wa mchana hauna adabu. Haupigi hodi, hausubiri mtu avue viatu, na leo unamkuta Mhina na kopo la rangi ya kupulizia mkononi, anaupaka mji wake weusi. Mji wenyewe uko juu ya meza, na ni mji wa vijitu, wale watu wa plastiki wasiozidi pingili ya kidole ambao Mhina amewakusanya tangu ujana wake: mpiga zumari, mchuuzi wa maji, askari, bibi harusi, kabati zima limejaa. Vijitu vinahitaji pa kukaa, ndiyo maana kila robota la midoli ya mtumba likifunguliwa sokoni Mhina yuko mbele kabisa, anagombania na akina mama walioshika watoto mkono, na yeye hamnunulii mtoto. Ananunua kasri la waridi, analikata kwa msumeno, linakuwa ngome iliyobomoka. Ananunua garimoshi lenye macho na tabasamu, analipiga msasa mpaka tabasamu limalizike, linakuwa tangi la maji la stesheni. Nyuso ndizo anazoanza nazo siku zote, kwa sababu uso wa mdoli ni mkubwa kuliko nyumba ya kijitu, na ukiuacha, mji mzima unaonekana mchezo wa watoto, jambo ambalo Mhina halivumilii hata kidogo. Msasa ukishapita inafuata rangi nyeusi, kila pembe na kila ufa, ili kuziua zile rangi za kitoto zilizoko chini. Hapo ndipo alipofika sasa, katika chumba cha uani, mtaa wa Ngamiani, Tanga, duka lake la madaftari limefungwa kwa ajili ya chakula cha mchana ambacho hajaenda kukila. Dirisha amelifunga. Chini ya mlango ameziba kwa kanga kuukuu. Vumbi likitua juu ya rangi mbichi kazi yote inaota ukurutu, na kila mwenye kazi hii anajua kuliogopa vumbi. Habari ya hewa haimpitii akilini.

Nyuma yake, juu ya robota ambalo halijafunguliwa, ameketi Saumu, bintiye wa pekee, mtoto wa darasa la pili. Baba, niangalie, anasema Saumu. Mhina anajibu mm. Baba, hebu niangalie kidogo tu. Nitakuangalia nikimaliza, mwanangu, rangi hii haina subira. Saumu hajibu, anapigapiga visigino kwenye gunia, du, du, du, na Mhina anapuliza ngome, anapuliza nyumba, anapuliza mtaa mkubwa alioutandikia karatasi ya msasa iwe lami na kuusimamishia kioo mwishoni ili uonekane hauna mwisho. Visigino vinapunguza mwendo, kisha vinanyamaza. Afadhali, anawaza Mhina. Kichwa kimekuwa kizito, macho yanawasha, analaza paji la uso kwenye ukingo wa meza ayapumzishe kidogo tu, na akiwa hapo, jicho likiwa sawa na lami, anaona mbali ndani ya kioo mgongo wa mtoto wa kike unaokwenda zake. Wewe Saumu, anaita, utakanyaga rangi mbichi. Mtoto hageuki. Mhina anainua mguu kumfuata, na mguu unapotua unatua barabarani.

Barabara ni msasa. Hana viatu, hajui vimebaki wapi, na kila hatua inamchuna nyayo, taratibu, bila haraka, namna yeye mwenyewe anavyochuna, na akitazama nyuma anaona nyayo zake zimeacha unga mweupe kama wa plastiki. Juu hakuna jua, ipo balbu moja inayoning'inia mbali sana, na kutoka huko juu inashuka manyunyu meusi, laini, yenye harufu ile ile ya kopo, yanayotua mabegani na kubaki. Anatembea na mtaa unatembea naye. Nyumba zote anazijua, amezikata kwa mkono wake, lakini hakujua kwamba zinamjua. Anapopita, madirisha yanafungwa kwa kishindo moja baada ya jingine. Anapochungulia nyuma ya ngome anakuta haina nyuma, ni uwazi tu wa waridi wenye mishono ya kiwandani, na ndani ya uwazi huo kuna majina ya watoto yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, majina ya ng'ambo asiyoweza kuyatamka, na majina yanachezacheza kama wadudu waliofunuliwa jiwe. Anageuza uso upesi. Kwenye kona wamesimama vijitu vyake, mchuuzi wa maji, askari, bibi harusi na shela lake alilolipaka kwa brashi ya nywele tatu, na Mhina, pamoja na hofu yote, anajikuta anangoja wamsalimie, kwani si yeye aliyewapa makazi? Hakuna anayesema hata karibu. Mchuuzi anatema mate kando ya mguu wake. Mmemwona mtoto? anauliza Mhina. Yupi, anasema mchuuzi. Mwanangu, kapita hapa sasa hivi. Sisi tunatazama mbele tu, anasema mchuuzi, ulitugandisha hivyo kwa gundi, na wote kwa pamoja wanaendelea kutazama mbele, na barabara inakunja kona na kumrudisha Mhina kwenye mchuuzi yule yule, mara anamkuta kulia, mara anamkuta kushoto, kwa maana ameshaingia upande wa kioo na huku kila kitu kimegeuzwa.

Mara ya mwisho anapokunja kona hamkuti mchuuzi, anamkuta mdoli. Ni yule mdoli mkubwa aliyempiga msasa jana ili awe sanamu la uwanjani, na ni mrefu kuliko nyumba. Mahali pa uso pameparazwa pakawa peupe na laini, hapana jicho wala pua, na sauti yake inatoka tumboni, kwenye vitundu vidogo vya betri, sauti inayokokota maneno. Umepotea, anasema mdoli. Sijapotea, anasema Mhina, mji huu nimeujenga mimi. Basi njia unaijua. Namtafuta mwanangu, bibi, nipishe, amepita hapa, amevaa gauni. Gauni la rangi gani, anauliza mdoli. Gauni la nyumbani, anasema Mhina. Mdoli anacheka tumboni, kicheko kimoja kinachojirudia kilivyorekodiwa, na anasema: Kitendawili. Sina muda wa vitendawili, anasema Mhina, na papo hapo mtaa unarefuka, nyumba zinasogea mbali, na kule mbele mgongo wa mtoto unakuwa mdogo kama punje. Kitendawili, anasema mdoli. Nimesema nipishe. Mtaa unarefuka tena. Sasa Mhina anaelewa, na anakasirika, lakini mtoto ni wake na njia ni moja. Tega, anasema, na anaichukia sauti yake mwenyewe.

Nilimvua uso nikamvika nyumba, anasema mdoli. Mhina anafikiri mbiombio. Konokono, anasema. Siye. Kobe. Siye, nipe mji. Hapo Mhina anapata nafuu kidogo, kwa sababu mchezo huu anaujua tangu utotoni kwa bibi yake, aliyeshindwa anatoa mji na aliyetega anatoa jibu, na miji ya kutoa haijawahi kumpungukia mtu. Nakupa Korogwe, anasema. Korogwe si yako, anasema mdoli. Nakupa Muheza. Muheza ina wenyewe, usinifanye mtoto, nipe mji uliojenga. Mhina anasita. Anayo miji yake kadhaa huko nyumbani, kila mmoja juu ya ubao wake, na hakuna hata mmoja usiomuuma. Anauchagua ule wa zamani, wenye soko la vifuniko vya chupa. Nakupa mji wa soko, anasema, na mahali fulani nyuma ya migongo yao kitu kikubwa cha plastiki kinapasuka na kumeguka na kumeguka. Nimekwenda mji wa soko, anasema mdoli, kama desturi inavyotaka, nimekaa, nimekula, nimenywa, na wenyeji wamenilalamikia kwamba upepo unawaingia kwa nyuma. Jibu ni mdoli, yeyote uliyempiga msasa.

Kitendawili, anasema mdoli. Tega. Kinapiga ngoma nyuma yako na kikinyamaza unasema afadhali. Mhina anasema mvua juu ya bati. Anasema jirani. Anasema moyo, hata hajui kwa nini amesema moyo. Nipe mji, anasema mdoli, na safari hii hataki wa zamani, anautaja mwenyewe, ule wa stesheni, wenye reli na mataa, ule ambao Mhina aliukatalia hata wenzake wakusanyaji walipotaka kuuazima kwa maonyesho. Mhina anabisha. Anasema chukua mwingine, bibi, chukua miwili mingine. Anabisha kweli, anapunga mikono, manyunyu meusi yanazidi kushuka na punje kule mbele inakaribia kutoonekana, na bado anabisha, mpaka anajisikia anavyobisha na aibu inampanda mwili mzima. Chukua, anasema. Nakupa wa stesheni. Mahali fulani mataa yanazimika mtaa mzima. Nimekwenda wa stesheni, anasema mdoli, nimekaa, na kila anayeshuka ananiuliza alikotoka, sina la kumjibu. Jibu ni visigino vya mtoto wako. Mhina anasema yuko wapi, nimekuuliza yuko wapi, na anausukuma ule mguu wa plastiki kwa mikono miwili, anaupiga ngumi, anaupiga teke, na msasa unamla nyayo huku mdoli hatikisiki.

Kitendawili cha mwisho, anasema mdoli. Tega, upesi, tega. Nakula naye sahani moja, akipotea siwezi kuwaambia polisi yukoje. Hiki hakimsumbui. Kingemsumbua ingekuwa afadhali, angekuwa na mji wa kutoa. Saumu, anasema. Ni Saumu, mwanangu. Umepata, anasema mdoli, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikokoti. Aliyepata hatoi mji. Nenda kamchukue.

Mdoli anajisogeza kando, na nyuma yake kuna uwanja, na uwanja umejaa wasichana. Wamesimama mistari kwa mistari mpaka macho yanapokoma, wote kimo kimoja, wote wenye gauni, wote wameshapata koti la kwanza la rangi nyeusi na bado wanang'aa ubichi. Nyuso hawana. Msasa umepita hapo. Saumu! anaita Mhina, na vichwa vyote vinamgeukia kwa pamoja, kwa mlio mmoja wa plastiki, na hakuna anayejibu kwa sababu hakuna mwenye mdomo. Rangi ikikauka imekauka, anasema mdoli juu yake, unajua mwenyewe. Mchukue wako. Wako tu, kioo hakipitishi watoto wawili. Mhina anaingia katikati yao. Anamshika huyu bega, anamwacha, rangi imemganda kiganjani. Anamshika yule. Ngoja, anajiambia, tulia, wewe ni mtu wa macho, macho yako yanasifiwa Tanga nzima, anza na kichwa. Nywele zake. Zimesukwa? Alisukwa lini? Masikio yake, yamesimama au yamelala? Kidevu? Analo kovu, mtoto gani hana kovu, lakini goti lipi? Anabana macho akumbuke na kinachomjia ni mpiga zumari, mpiga zumari na vifungo vyake vya shaba, kifungo cha tatu kimepungua rangi kidogo upande wa chini. Anamfukuza mpiga zumari, anakuja askari, na askari anakuja na kila uzi wa mkanda wake. Anawafukuza wote, anapiga kelele, tokeni, tokeni kichwani mwangu, na wanapotoka kinachobaki cha mwanawe ni sauti nyuma ya mgongo na kivuli kidogo kinachoangukia meza na kumharibia mwanga. Anakumbuka jinsi alivyokuwa akimwambia sogea, unanizibia. Mhina analia sasa, bila kujificha, analia kwa kwikwi kati ya watoto wasio na macho ya kumwona. Jamani mwanangu, anasema, nipe hata ishara. Wote wanasimama tu. Mstari wa kwanza umeanza kupoteza mng'ao, rangi inafifia na kuwa butu, tangu miguuni kwenda juu, na ubutu huo unaruka kutoka mstari hadi mstari, unakuja. Hakuna muda tena. Mhina anamnyakua mmoja. Anamnyakua kwa sababu amesimama vizuri, bega moja limeshuka kidogo, mwanga umempata sawasawa, namna anavyochagua kijitu dukani, na anaijua sababu hiyo wakati huo huo anapomtia kifuani, na hamrudishi.

Anakimbia. Mtaa umejifupisha, nyumba zimejilaza, miguu ni vidonda vitupu na mtoto ni mzito, mzito kuliko plastiki yoyote. Nyuma yake uwanja wote unapiga visigino chini, du, du, du, kila mmoja pale pale aliposimama, na Mhina anajua kwamba mmoja wao huenda anampigia yeye na hawezi kugeuka. Kioo kiko mbele. Nimemchukua wangu? anapiga kelele bila kuacha kukimbia. Wewe ndiye baba yake, anasema mdoli, na Mhina anatanguliza bega lake na kioo kinawapasukia usoni.

Baba Saumu! Baba Saumu, amka! Ni kofi, kisha ni maji, ndoo nzima ya maji, kisha kofi jingine. Mhina yuko chini, uani, mgongo juu ya saruji ya moto, anatapika kitu cheusi. Juu yake amesimama Zaina, mkewe, ndoo mkononi, bega la gauni limechanika kwa kuvunjia mlango, na mlango wenyewe umelala pembeni. Unamfungia mtoto na sumu, anasema Zaina, unaziba mpaka chini ya mlango, kisa vumbi! Nimewakuta wote wawili mmezimia, Baba Saumu, mtoto ameanguka juu ya gunia na wewe umelala mezani na midoli yako. Ungeniambia nini? Ungewaambia nini watu? Leo hii vile vitu navichoma moto, haki ya Mungu navichoma, na wewe nikuone utanifanya nini. Anaitupa ndoo na kupiga magoti kando ya mtoto, ambaye ameketi kwenye kivuli cha ukuta, amekunja magoti, anakohoa, maji yanamtiririka, mama yake anamfuta pua kwa upindo wa kanga.

Mhina anajiinua kwa kiwiko, anamtazama. Anamtazama kwa makini ambayo hajawahi kumpa mtu aliye hai. Ana uso, alhamdulillahi, ana macho mawili na pua iliyolowa na kidoti kidogo chini ya sikio. Kidoti hicho kilikuwepo? Paji hili pana, ni la upande wake au la akina Zaina? Anatafuta kichwani mtoto wa jana amlinganishe na huyu, na hampati. Zaina, anasema, na sauti imemkauka, huyu ni Saumu? Zaina anaacha kufuta. Unasemaje wewe? Nakuuliza, mama, ni Saumu huyu? Zaina anamvuta mtoto kifuani na kumtazama mumewe kama mtu anayetazama mbwa mgeni aliyeingia uani. Hasira imemtoka, sasa anaogopa tu. Rangi imempanda kichwani, anajisemea. Mhina anamtazama na yeye, macho yake, mdomo wake, ile mikunjo midogo kando ya mdomo, na anagundua kwamba Zaina naye hawezi kumsaidia, kwa sababu huyu naye, kwa kweli, ni mara ya kwanza kumwona. Ua umetulia. Nguo kwenye kamba hazitikisiki. Ng'ambo ya ukuta hajui kuna nini.

Saumu, anaita.

Abee, baba, anaitika mtoto, upesi, kwa adabu, sauti ikiwa na mikwaruzo ya kikohozi. Mhina anainamisha kichwa na kutega sikio. Saumu. Abee, baba. Ni sauti nzuri, ya mtoto aliyelelewa vizuri, na anajaribu kukumbuka kama ndivyo alivyokuwa akiitika, kama alikuwa akisema abee au alikuwa akija tu, na kama yeye alishawahi kumwita. Saumu. Abee. Zaina ameanza kulia, anasema mwache mtoto jamani, mwache apumue, anaumwa, huoni? Mhina anaona. Anaona kila kitu, mpaka tone la maji kwenye kope. Saumu, anaita tena, na mtoto anamtazama mama yake, kisha anamtazama yeye, kisha anaitika.